Nilimpa fundi kitanda cha mulombwa, akanirudishia mbao za kofraji, zile za kumwagia zege, zilizopakwa rangi

Yambo kwenu wote. Wa Lubumbashi, hasa mnaopeleka vitu kwa mafundi wa Katuba, someni hii kabla hamjatoa hata stuli nje ya lupango.

Nina kitanda cha mtoto, kabati dogo na kimeza cha kuandikia. Marehemu baba alivitengenezesha mwaka 1986, wakati anafanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, kwa mulombwa mtupu. Wasomaji wa Tanzania, ni mninga huo huo wenu. Baadaye mama akavipaka rangi ya kijani, ile ya kuta za ofisi, na tukakulia humo sisi wote watano. Mbao zilikuwa nzima kabisa. Kilichochakaa ni uso tu: rangi inabanduka, droo inagoma, na juu ya kimeza kuna duara jeusi la sufuria ambalo hakuna anayekubali kuwa aliliweka yeye.

Binti yangu ametimiza miaka 6, Septemba anaanza shule ya msingi. Nikasema simnunulii kitanda cha mbao za unga zilizogandishwa, kinachovimba siku mtoto akimwaga maji. Nitafufua cha babu yake.

Tulipatana dola 70 na fundi mmoja wa Katuba. Nikatoa avansi 40, na hapo ujinga ni wangu, msinikumbushe. Nikamsihi jambo moja: rangi ya zamani ailoweshe kwanza ndipo aikwangue, asiisugue kavu, na watoto wasikae karibu. Rangi za miaka ile nyingi zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake likiingia kwa mtoto linaharibu ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Fundi akacheka mbele ya vijana wake: "Mama, risasi si ni ya bunduki?"

Alisema wiki moja. Zikawa tano. Kila nikipiga simu: "Iko inakauka, mama." Mwezi wa nane! Lubumbashi, kiangazi, nguo unazianika asubuhi na saa sita unazikunja! Kumbe kweli ilikuwa inakauka, ila kando ya barabara, kila gari likipita linamwagia vumbi jekundu juu ya verni (vanishi) mbichi. Pitisha kiganja kwenye kabati langu leo, ni ulimi wa paka.

Kitanda ndicho alichokipaka nyeupe. Siku ya pili binti akakwangua kwa ukucha, ikatoka ngozi ndefu kama ganda la ndizi, na chini yake kijani cha mama kinang'aa vilevile. Hakutoa kitu! Hata kuchubua hakuchubua. Mtu anayejiita menizie, yaani seremala, hajui kwamba rangi haishiki juu ya uso unaong'aa? Kama ni uvivu wa kukwangua, basi angalau angepitisha msasa wenye maji, uso upate kukwaruzika, apanguse kwa kitambaa, apake rangi ya chini, halafu mikono miwili myembamba, kila mmoja upewe siku yake. Yeye kapiga mkono mmoja mnene, akamaliza. Rangi nene hukauka juu ikafungia ubichi chini. Juu ngozi, ndani uji. Nguo ya kulalia ya mtoto imeganda kwenye ubavu wa kitanda, nimeibandua na nyuzi zimebaki pale mpaka sasa. Na harufu ya dilia, ile ya kuyeyushia rangi, chumba kizima, mtoto anauliza kwa nini analala garaji.

Hayo yote ningemeza. Sikilizeni hili.

Kitanda kilipokwenda, kilibebwa na wanaume wawili wanahema. Kiliporudi, kijana wa mkokoteni akakishusha peke yake huku anaongea na simu. Mimi nikafurahi, nikasema kijana ana nguvu! Nimekuja kushtuka nilipoinua godoro kutafuta harufu inatoka wapi. Chaga 11. Nikafuta ncha moja kwa kitambaa chenye dilia: mbao nyeupe, laini, ina tundu la msumari na saruji iliyoganda. Saruji! Nikafuta ya pili, ya tatu. Saba ni mbao za kofraji, zilizotolewa kwenye jengo la mtu. Ndiyo maana nyeupe ile ilikuwa nene. Mimi niliomba verni, mbao ionekane. Yeye ndiye aliyenishawishi nyeupe, "rangi ya watoto, mama".

Nikarudi kwake. Kwanza: "Shi mbao ni mbao, mama?" Halafu akabadilisha, eti zile za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa. Moyo wa mulombwa, mchwa! Mdudu huyo huyo anayezunguka nguzo ya mulombwa akaenda kula mlango wa jirani! Nikamwambia nionyeshe basi hizo zilizoliwa. Akasema zilikwisha kuwa kuni.

Msiniambie niende polisi, nitatumia zaidi ya dola 70 kabla sijakaa kwenye benchi. Binti analala kwenye godoro chini, kabati liko barazani linapigwa upepo. Dola 30 zilizobaki sitoi. Jumamosi narudi pale na kaka yangu mkubwa.

Sasa naomba msaada wenu. Chaga zangu hazikuwa kuni, ziliuzwa, nina hakika. Moja ina F kubwa iliyopinda, nilichonga kwa kisu nikiwa darasa la pili, na baba alinichapa kwa ajili yake. Kama kuna mtu Katuba au Kenya (mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, si nchi) amenunua rafu au benchi jipya hivi karibuni, tafadhali pindua uangalie chini.