Makisio yenu si ahadi ya mtengenezaji: acheni kuwadai watu deni ambalo hawakukopa

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Kila gemu kubwa ya safari na matukio inapotangazwa huwa tunaanza vizuri: trela, yaani video fupi ya kuitangaza, inatoka, tunaitazama mara kumi, tunaisimamisha picha moja baada ya nyingine, tunabishana usiku kucha kuhusu kivuli kilichopita nyuma ya mlima na alama iliyochongwa kwenye mlango. Mimi ni mmoja wa watu wanaoipenda kazi hiyo kupita kiasi, na kuna miezi ambayo kusubiri kumenipa raha kubwa kuliko gemu yenyewe. Linalonikera ni pale mtu anapochukua kisio lake, akalivika neno «imethibitishwa», akalirusha kwa maelfu ya watazamaji, na baada ya wiki mbili kisio hilo likawa kipimo cha kumhukumia mtengenezaji ambaye hakuwahi kulitamka.

Nitaeleza kwa mfano wa The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom, kwa kuwa ndio ulionichoma zaidi. Mwezi Juni 2019 Nintendo, kampuni ya Japani inayoitoa, ilionyesha trela fupi ya gemu hiyo, ambayo ni mwendelezo wa gemu iitwayo Breath of the Wild; wakati huo trela haikuwa na jina la gemu wala tarehe. Ndani yake tulimwona Link, shujaa ambaye mchezaji humwongoza, na Binti Mfalme Zelda wakiwa chini ya ardhi, wakimulika njia, hadi wakafika mbele ya maiti iliyokauka ambayo ilikuwa imeshikwa na mkono unaong'aa rangi ya kijani, na mwishoni kasri likainuka kutoka ardhini. Zelda alikuwa amekata nywele zake zikawa fupi. Hayo ndiyo yaliyokuwemo, na hakuna mtu yeyote wa Nintendo aliyesema kwamba safari hii mchezaji angemwongoza Zelda. Lakini kwa kuwa nywele zilikuwa fupi, na kwa kuwa alitembea bega kwa bega na Link, ikajengwa hoja kwamba amekata nywele ili awe mpiganaji. Juu ya hoja hiyo ikajengwa nyingine kwamba mchezaji angeweza kubadilisha kati ya wahusika wawili. Na juu ya hiyo ikawekwa ya tatu, kwamba watu wawili wangecheza pamoja kwenye skrini moja. Ghorofa tatu zilisimama juu ya mkato wa nywele.

Mdogo wangu wa kike aliimaliza Breath of the Wild mara mbili, na tangu utotoni alikuwa akiuliza kwa nini mfululizo unaobeba jina la Zelda haumruhusu mchezaji kuwa Zelda. Alikuwa akifuatilia chaneli moja ya video, ambayo sitaitaja, na mwenye chaneli hiyo alizungumza kwa sauti ya mtu aliyetoka sasa hivi kwenye kikao na watengenezaji, akasema jambo hilo limeshathibitishwa na wanaolipinga hawajui kutazama. Mdogo wangu aliamini, akasubiri kwa karibu miaka minne. Gemu ilitoka 12 Mei 2023, na kama mnavyojua, Zelda anaanguka shimoni na kutoweka mwanzoni kabisa, na tangu hapo anayeongozwa ni Link peke yake hadi mwisho. Mdogo wangu alicheza siku tatu, akaiweka konsoli kando, akaniambia ameshindwa kuipenda kwa sababu kila alipokuwa anatembea alikuwa anamtafuta mtu ambaye hayumo. Nilimwelewa. Nisichokielewa hadi leo ni kwamba ndani ya juma hilohilo mwenye chaneli alitoa video nyingine yenye kichwa cha lawama, akidai Nintendo imevunja ahadi yake kwa mashabiki. Ahadi gani, na ilitolewa na nani? Aliyeahidi alikuwa yeye mwenyewe, na hakuomba radhi hata kwa neno moja.

Najua wapo watakaoniambia kwamba kukisia ni kukisia na kila mtu ana haki ya kukosea. Nakubali kabisa, na ndiyo maana nataka tukumbuke jinsi makisio yanavyopendeza yanapofanywa kwa uaminifu. Trela ya Juni 2021 ilimwonyesha Link akipita ndani ya mwamba kwenda juu na kuibukia upande wa pili, ikaonyesha pia mpira wa miiba ukirudi kinyumenyume kupanda mlima uliokuwa umeuteremka. Watu waliokaa na picha hizo mbili kwa utulivu walisema kutakuwa na uwezo wa kupenya dari na uwezo wa kurudisha mwendo wa kitu nyuma, na walisema wazi wamekisia kutokana na nini, ili msikilizaji aende akatazame mwenyewe. Tarehe 28 Machi 2023 mtayarishaji wa mfululizo huo, Eiji Aonuma, alikaa mbele ya kamera akacheza gemu kwa takribani dakika 13, na miongoni mwa uwezo aliouonyesha ukawemo huohuo waliokisia: Ascend (kupenya dari) na Recall (kurudisha mwendo nyuma). Nilifurahi kama vile ni mimi niliyekisia. Katika trela ileile ya 2021 mhusika aliyekuwa visiwani angani alionyeshwa bila uso wake kuonekana vizuri, nywele zimefunguliwa, mavazi tofauti, na wengine wakadhani ni shujaa wa kale na si Link tunayemjua. Walikosea. Lakini wengi wao walikuwa wameandika «nadhani», wakatoa hoja zao, na gemu ilipotoka wakacheka na kuendelea kucheza. Mtu wa namna hiyo sina ugomvi naye hata kidogo, na akirudi na kisio jingine nitamsikiliza.

Tofauti ya pande hizi mbili haiko katika kupatia wala kukosea. Iko katika kueleza chanzo. Anayesema «nimeona mpira ukirudi nyuma, kwa hiyo nadhani muda unaweza kurudishwa» amenipa kitu ninachoweza kukipima, hata kama si kweli. Anayesema «nina mtu wa ndani» bila kueleza ni nani, amejuaje, na alishawahi kupatia lini, hajanipa kitu. Ameniomba nimwamini tu, na nikishamwamini analipwa kwa idadi ya watazamaji. Ndiyo sababu hana haraka ya kusahihisha.

Wala sisemi kwamba watengenezaji hawana makosa. Wapo walioahidi kwa vinywa vyao, na hao wanastahili kudaiwa. Kabla ya No Man's Sky kutoka mwezi Agosti 2016, kiongozi wa studio yake, Sean Murray, aliulizwa zaidi ya mara moja kama wachezaji wanaweza kukutana, naye akajibu kwa namna iliyowafanya watu waamini kwamba inawezekana. Siku ya kwanza wachezaji wawili walifika mahali pamoja kwenye sayari moja, wakasimama palepale, na hakuna aliyemwona mwenzake. Kucheza pamoja kikamilifu kulikuja na sasisho la Julai 2018. Cyberpunk 2077 nayo ilitoka 10 Desemba 2020 ikiwa katika hali mbaya kiasi kwamba Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni kabla mwezi haujaisha, na ikarudi mwezi Juni mwaka uliofuata. Wahakiki walikuwa wamepewa nakala za kompyuta tu, kwa hiyo wenye konsoli za zamani hawakuwa na mtu wa kuwatahadharisha. Hayo ni madai halali kwa sababu kuna maneno yaliyotamkwa, kuna picha zilizoonyeshwa, kuna bidhaa iliyouzwa, na unaweza kuviweka pamoja ukaonyesha pengo. Kwa hiyo mnapochanganya madai ya namna hiyo na manung'uniko kwamba Zelda hakuchezeka, mnawasaidia wale wanaovunja ahadi za kweli, kwani studio itajibu tu kwamba mashabiki hawaridhiki na lolote, na mtu wa pembeni ataona wana haki.

Halafu kuna jambo ambalo likitajwa watu hukaa kimya. Mwaka 2016 No Man's Sky iliposogezwa kutoka Juni hadi Agosti, Murray alisema amepokea vitisho vya kuuawa. Mwaka 2020 Cyberpunk iliposogezwa kwa mara nyingine mwishoni mwa Oktoba, wafanyakazi wa studio inayoitengeneza nao walipokea vitisho vya aina hiyohiyo. Kisa ni wiki tatu! Wiki saba! Mtu anayetengeneza taa na vivuli vya mji wa kubuni anaamka asubuhi na kusoma kwamba yeye na familia yake watadhuriwa, kwa sababu kuna mtu alishajiaminisha kwamba siku hiyo ni haki yake. Sidhani kwamba mnaosoma hapa ndio mlioandika vitisho hivyo. Ninachosema ni kwamba vitisho haviotei jangwani; kila mara tunapozungumza kana kwamba mtengenezaji ametuibia, kuna mmoja kati yetu ambaye atachukulia kwamba mwizi anastahili kuadhibiwa.

Kusubiri kwingine kulikovurugika ni kule kwa gemu ya Hollow Knight: Silksong. Ilitangazwa Februari 2019 na ikatoka 4 Septemba 2025, kazi ya studio ya watu wachache mno. Ni kweli kulikuwa na ahadi moja iliyopita bila kutimia, kwani Juni 2022 Microsoft ilisema gemu zilizoonyeshwa katika onyesho lake zingechezeka ndani ya miezi 12, na Silksong ilikuwa mojawapo. Waliolalamikia hilo mwaka 2023 walikuwa na haki. Lakini kilichofanyika kwa miaka sita katika kila onyesho la moja kwa moja la kutangaza gemu mpya kilikuwa aibu. Studio ndogo inapata dakika mbili za maisha yake kuonyesha gemu iliyoitengeneza kwa jasho, na maoni yote ya watazamaji yanayopita pembeni ni jina la Silksong, kisha onyesho linapoisha watu wanatukana kwamba halikuwa na kitu. Nilikuwa nikifungua maonyesho hayo ili nigundue gemu nisizozijua, na hatimaye ikanibidi niyafunge maoni kabisa. Mwishowe tarehe ya Silksong ilitangazwa wiki mbili tu kabla ya gemu kutoka, na hesabu zote za mafumbo, herufi na tarakimu tulizopigiwa kelele nazo miaka yote hiyo hazikumsaidia mtu kujua lolote.

Sasa naona mambo yaleyale yakirudiwa kwa Grand Theft Auto VI. Trela ya kwanza ilitoka Desemba 2023, na kwa muda mrefu baada ya hapo watu walikuwa wakisoma umbo la mwezi katika picha za Rockstar Games, studio inayoitengeneza, ili kutabiri siku ya trela ya pili. Trela hiyo ilitoka 6 Mei 2025 bila kutangazwa, siku chache baada ya studio kusema kwamba gemu imesogezwa hadi 26 Mei 2026, na Novemba 2025 ikasogezwa tena hadi 19 Novemba 2026. Kusoma mwezi hakunisumbui, tena kuna waliofanya kwa ustadi wa kupendeza. Kinachonisumbua ni kuona tayari kuna orodha ndefu za vitu ambavyo gemu «itakuwa navyo», ukubwa wa ramani, idadi ya majengo yanayoingilika, mfumo wa hali ya hewa, zikinakiliwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule bila yeyote kusema ameona wapi. Nimejaribu kuzifuata baadhi ya orodha hizo hadi chanzo. Moja ilinirudisha kwenye video, video ikataja andiko, andiko likataja video ileile.

Ninachoomba ni kidogo, nami ningependa waendeshaji wa mijadala wakitilie nguvu. Anayeandika kuhusu gemu ambayo haijatoka aeleze katika kichwa kama anakisia au ananukuu, na kama ananukuu ataje amenukuu kwa nani na lini. Neno «imethibitishwa» libaki kwa kile ambacho studio imekitamka au imekionyesha. Na aliyetangaza jambo kama ukweli likaja kuwa si kweli, arudi mahali palepale na kuandika kwamba alikosea, badala ya kufungua uzi mpya wa kulaumu watengenezaji.

Mwezi Juni 2024 Nintendo ilitangaza Echoes of Wisdom, gemu ambayo anayeongozwa ni Zelda mwenyewe, na ilipangwa kutoka 26 Septemba mwaka huohuo. Nilikimbia kumwambia mdogo wangu. Hakuruka wala hakushangilia. Aliniuliza kwa utulivu kama hiyo ni habari au ni maneno ya yule bwana wa video, na ikanibidi nimkalishe chini, nifungue tangazo la Nintendo yenyewe, na nimwonyeshe kutoka mwanzo hadi mwisho ndipo akakubali kufurahi.