Huyo "mchawi" mnayemsambaza ni bibi yetu muuza vitumbua. FUTENI HIYO KLIPU

Wakuu, salaam.

Nimekaa kimya siku nne nikidhani jambo hili litapoa lenyewe. Halipoi. Jana usiku klipu imenirudia kwenye grupu la ukoo, imetumwa na shangazi yangu aliyeko Songea, na chini yake maneno: "Mchawi anaswa akiwanga Mbagala, tazama kabla haijafutwa." Basi leo naongea, na nitaongea kwa hasira, maana kamera ile niliifunga mimi kwa mikono yangu.

Mimi ni fundi wa kamera za ulinzi, mwaka wa 9 sasa. Kamera hiyo ipo kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mteja wangu, inatazama geti na kipande cha barabara ya mtaa. Klipu mnayorushiana ina sekunde 11. Kinaonekana kitu cheupe chenye umbo la mtu, kichwa kikubwa hakina uso, pembe moja imechomoza pembeni, mwili unapenya mpaka matofali ya ukuta wa nyuma yanahesabika. Kinaelea, hakina miguu. Halafu kinapotea. Na mtu akakaa chini akaongezea muziki wa kutisha.

Faili la asili lipo kwenye DVR, ile mashine inayorekodi picha za kamera, lina dakika 1 na sekunde 38. Mwanzoni, kabla ya pale mlipokata, anatoka mwanamke mzee uchochoroni, anasimama chini ya taa ya geti la jirani, anaweka ngata kichwani, anainama, anajitwisha ndoo, anaondoka taratibu. Ndiye huyo huyo. Ni bibi wa mtaa wetu, anauza vitumbua pale kwenye kona kabla mimi sijaanza hata kazi hii. Huku kwetu maji ya bomba yanatoka usiku wa manane, tena si kila siku. Mteja wa kwanza wa vitumbua anafika saa 12 asubuhi na pesa yake mkononi, hana habari maji yametoka saa ngapi. Kwa hiyo bibi anaamka saa 9 usiku kuchota. Hana mtu wa kumchotea zaidi ya mjukuu wa darasa la 4, naye hamwamshi.

ALIYEKATA hiyo klipu aliyaona haya yote. Huwezi kukata kipande kutoka katikati bila kuutazama mwanzo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lolote.

Sasa nieleze kitu kimoja kimoja, maana kuna watu humu wananiambia "kamera haidanganyi, fundi".

Weupe. Bibi alivaa baibui jeusi. Usiku kamera hizi haziangazi kwa taa tunayoiona sisi. Zina taa ndogo za infraredi kuzunguka lenzi, nyingi ni za nanomita 850 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na jicho la binadamu linaishia karibu na 700. Vitambaa vingi vyeusi vya poliesta vinaonekana vyeusi kwenye mwanga wa kawaida tu. Mwanga wa infraredi vinaurudisha, na kwenye kamera vinatoka vyeupe kama sanda. Nimeshafunga kamera misikitini, nimeona akina mama wameingia na mabaibui meusi tarawehe, kwenye skrini wote weupe. Hakuna aliyesema msikiti umevamiwa.

Kichwa kisicho na uso ni NDOO. Ndoo nyeupe ya rangi, ya lita 20. Ikipita karibu na kamera inapigwa na infraredi yote, inaungua kwenye picha, inakuwa duara jeupe tu. Uso wa bibi upo chini yake, kwenye kivuli cha ndoo. Na hiyo pembe ni mkono wake wa kulia umeinuliwa kuishika. Jamani, mkono wa mwanamke mzee aliyebeba maji mnauita pembe.

Kupenya mpaka ukuta unaonekana, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanaponing'ang'ania. Gizani kamera ya bei nafuu haina mwanga wa kutosha, hivyo kila picha inaichukua polepole. Picha ya giza ina chenga nyingi, kama tivii isiyo na antena. Ili kuziondoa chenga, kamera inachukua picha kadhaa zinazofuatana na kuzichanganya kuwa moja. Ukuta hausogei, kwa hiyo katika picha zote upo palepale, unatoka mzito na wazi. Mtu anayetembea yupo hapa kwenye picha ya kwanza, yupo pale kwenye ya tatu. Zikichanganywa anatoka mwepesi, na nyuma yake anaacha mkia kama moshi. Miguu ndiyo inayokwenda mbio kuliko mwili, kwa hiyo ndiyo inayofutika kwanza. Hapo mmeshampata "anayeelea". Mpangilio huo upo kwenye menyu ya kamera yenyewe. Ukiushusha, mtu anarudi kuwa na miguu yake na chenga zinarudi kama mvua.

Kupotea je? DVR ile nimeiweka irekodi pale tu kitu kinaposogea, mteja hataki diski ijae. Bibi alipoingia kwenye kivuli cha lori lililoegeshwa, mashine ikaona hakuna kinachosogea, ikasimama. Ilipoanza tena ilikuwa ni mbwa anapita, barabara tupu. Saa ya juu kulia inaruka kutoka 03:41 hadi 03:44. Dakika 3 nzima hazipo, na ndani ya dakika 3 bibi alishafika kwake na kutua ndoo. Aliyesambaza aliunganisha vipande viwili, kisha AKAIKATA ILE KONA YENYE SAA. Nani atanieleza kwamba hilo nalo ni bahati mbaya?

Sikutaka ibaki maneno ya fundi. Juzi usiku nilimvalisha kijana wangu wa kazi baibui la dada yangu, nikampa ndoo ya aina ileile, akapita njia ileile saa 9 na nusu. Mashahidi: mwenye duka, mjumbe, na vijana wawili katika wale waliokuwa wakirusha mawe kwenye bati la bibi. Kwenye skrini alitokea "mchawi" mwenye kichwa kikubwa na pembe, anapenya, hana miguu. Kijana mmoja alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza: "Kwa hiyo ni yeye kweli alikuwa anachota maji?" Ndiyo. Alikuwa anachota maji.

Mniruhusu kidogo nitoke Mbagala, kwa sababu hii kauli ya kamera haidanganyi ina umri mkubwa. Miaka ya 1860 kule Boston, Marekani, palikuwa na mtu anaitwa William Mumler, mchonga vito aliyegeukia upigaji picha. Ukikaa mbele ya kamera yake, picha ikitoka nyuma yako amesimama marehemu wako, amefifia. Watu waliofiwa walimiminika. Enzi hizo picha zinapigwa kwenye kioo, na kioo kilichokwisha kupigwa kikipigwa tena, picha mbili zinakaa pamoja, moja nzito na moja nyepesi. Mwaka 1869 alishitakiwa New York kwa utapeli, na P. T. Barnum, yule mwenye maonyesho, alisimama kutoa ushahidi dhidi yake. Aliachiwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Hata baada ya hapo mjane wa Rais Lincoln alikwenda kwake, akatoka na picha ambayo "mume" amemwekea mikono mabegani. Lakini kilichomfanya aanze kutiliwa shaka kule Boston ni hiki: baadhi ya hiyo "mizimu" watu waliitambua. Walikuwa ni watu HAI, wanatembea mjini. Miaka 160 imepita, na mzimu wenu nao ni mtu hai, nyumba ya tatu kutoka dukani.

Kazini kwangu haya ni ya kila mwezi. Mteja mmoja alinipigia saa 7 usiku analia, jini linapanda na kushuka ukutani kwake. Alishalipia kisomo mara mbili. Nilikwenda asubuhi, nikapanda ngazi, nikakuta utando wa buibui mdudu mbele ya lenzi. Uzi mmoja, ukipigwa na infraredi ukiwa sentimita chache kutoka kwenye lenzi, unang'aa na kucheza na upepo kama mtu aliyevaa shuka. Nikaufuta kwa kitambaa, jini likaondoka. Mwingine saa ya DVR yake ilirudi mwaka 2000 baada ya umeme kukatika, akaambiwa nyumba imerudishwa nyuma na wachawi. Betri ndogo ndani imekufa, basi. Zile duara za mwanga kwenye picha za harusi mnazoita roho za wazee ni vumbi lililopigwa na flashi karibu na lenzi, ndiyo maana kiangazi zinazidi. Na hizi simu zenu za picha za usiku nazo zinaunganisha picha nyingi kuwa moja, mtu akipita anatoka nusu.

Kabla hamjaniita kafiri: mimi ni Muislamu, majini nayaamini, yana sura yake nzima kwenye Qur'an, ya 72. Kuamini kwamba majini yapo hakunipi ruhusa ya kumnyooshea kidole mama wa mtu kwa sekunde 11 za video iliyokatwa.

Na matokeo yake mnayajua? Siku ya kwanza vitumbua vilibaki beseni zima. Siku ya pili mawe. Siku ya tatu mjukuu amerudi kutoka shule hataki kusema, baadaye ndipo akasema wenzake wanamwita mtoto wa mchawi, hakuna anayekaa naye dawati moja. Alhamisi mwanawe amekuja kutoka Morogoro, amembeba mama yake na mtoto alfajiri. Bibi mzima anahama mtaa wake kwa kujificha, kwa kosa la kuchota maji. Kule Kanda ya Ziwa wazee wetu, wengi wao wanawake, wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe wa miaka 50 jikoni. Kule hapakuhitajika hata kamera. Sasa nyinyi mmeongeza kamera.

Nataka mambo matatu, na sitaki mjadala. Ukurasa ule wenye wafuasi wengi ufute klipu na uandike kwamba ulikosea, kwa herufi zilezile kubwa mlizoandikia uongo. Maadmini wa magrupu muifute mkiiona. Na aliyeitoa video kwenye simu ya mwenye duka ajitokeze mwenyewe kabla hatujamtaja, kwa maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaijua habari ya uongo ni nini, na mwanawe bibi ameshapewa ushauri.

NYONGEZA, saa 2 usiku: Nimesoma majibu yote. Mkuu uliyeuliza "kama ni binadamu kwa nini mbwa hakubweka", kamera ile haina maiki. Ule mlio wa upepo mnaousikia umebandikwa. Na dada uliyesema ulimpelekea video mama yako na sasa umempigia kumweleza ukweli, Mungu akubariki, fanya hivyo na kwa wengine uliowatumia.

NYONGEZA 2: Ukurasa umefuta klipu dakika 20 zilizopita. Haujaandika neno hata moja. Kwa hiyo nusu ya kazi haijafanyika. Faili la asili lenye dakika 1 na sekunde 38, pamoja na lile la kijana wangu, ninayo kwenye flashi. Uso wa bibi nimeufunika, na saa nimeiacha ionekane. Anayetaka kulirusha kwenye grupu ambako ameiona ile ya uongo anitumie ujumbe, namtumia leo hii hii.