Mjadala: Je, mwenye nyumba Nairobi ana haki ya kumfukuza mpangaji shoga?

Mleta mada: Kilimani na Kileleshwa za bustani zimeliwa na maghorofa, na fleti nyingi humo sasa hukodishwa kwa usiku. Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba kwa wageni, inawakataza wenye fleti kumkataa mgeni kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi. Mtalii akitua na mpenziwe, anapewa funguo. Mkenya wa Umoja au Kayole akishukiwa tu, keateka, msimamizi wa ploti, anabisha mlango: hameni kabla ya wikendi.

Najua mtaleta kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, kinachoharamisha ngono "kinyume cha maumbile", miaka 14 jela, na kwamba Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Sawa. Lakini kifungu hicho kinaadhibu tendo. Hakimpi mwenye nyumba cheo cha hakimu. Na Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji 3 kwa 2, ilisema kinga ya Katiba dhidi ya ubaguzi wa kijinsia inawahusu mashoga pia. Kesi ilikuwa ya kusajili shirika, si ya nyumba, ila Katiba ni ile ile.

Mwenye ploti: Mkopo nalipa mimi. Wapangaji kumi wakihama kwa ajili ya wawili, benki itanihurumia?

Mpangaji, Roysambu: Wahame waende wapi? Hao kumi wamevumilia baa inayopiga muziki hadi alfajiri na maji ya mara moja kwa wiki. Hakuna aliyehama.

Mwenye ploti: Baa haivunji 162.

Wakili mchovu: Mnapigania karatasi. Baraza la kodi za nyumba linasikiliza kesi za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni bedsita ya bei hiyo. Ukiikosa, nenda mahakamani ukajitangaze mbele ya mama yako na mwajiri wako ili urudishiwe dipoziti. Nani atathubutu? Ndiyo maana keateka haandiki notisi.

Mleta mada: Hapo umenigusa. Hata Uganda, yenye sheria kali ya 2023 dhidi ya ushoga, Mahakama ya Katiba ilifuta Aprili 2024 vipengele vilivyowabana wenye nyumba, ingawa sheria yenyewe ilibaki. Kwetu hakuna sheria inayomtaka mwenye ploti achunguze kitanda cha mtu. Basi bwana mwenye ploti, wakilipa kodi kila tarehe 5, umewafukuza kwa kosa gani ulilolishuhudia?