Mjadala: Shule ya bweni iambiwe mtoto anatumia ARV, dawa za VVU?

Mama Neema: Mtoto akiitwa sekondari ya bweni hapa Kenya, barua huja na fomu ya afya. Daktari anajaza, anapiga muhuri, inapelekwa shuleni. Pumu na kifafa wayajue, sina neno. Mwenye mtoto wa ARV aandike nini, na fomu inapita kwa karani, mwalimu wa darasa na yeyote aliye ofisini? Mimi naona asiandike. Amnong'oneze matroni, basi.

Matroni mstaafu: Mama, kunong'ona ndiko kunakoumiza watoto. Nikienda likizo, wa zamu hajui kitu. Mtoto anavizia bweni liwe tupu ndipo ameze, siku nyingine haliwi tupu kabisa. Akiruka dozi, virusi vinapanda. Iandikwe, faili lifungiwe.

Wakili wa mtaa: Orodha tulishazijaribu. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za wanafunzi wenye VVU na walezi wao. KELIN, shirika la kutetea haki za wenye VVU, na wenzao wakashtaki. Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo linavunja faragha, kifungu cha 31 cha Katiba, na maslahi ya mtoto, kifungu cha 53. Serikali ilitaka kupanga huduma, na kupanga huduma hakuhitaji majina ya watoto. Fomu ya shule ina jina juu kabisa.

Mama Neema: Kwa hiyo uko upande wangu.

Wakili wa mtaa: Nusu. Sheria ya VVU ya 2006 inaruhusu hali ya mtoto ifichuliwe mzazi akikubali kwa maandishi. Kwa hiyo mwambie matroni, ila kwa barua inayomtaja yeye. Akiitangaza, una pa kumshikia.

Kidato cha Nne: Idhini ya mzazi. Yangu je? Nina miaka 17. Mama aliwaambia shuleni bila kuniuliza, nikajua siku matroni aliponiita "wewe wa dawa" kwenye foleni ya chakula. Sikatai mtu mmoja ajue. Ningemchagua mwalimu wa Kemia.

Matroni mstaafu: Pole, mwanangu, huyo alikosa adabu ya kazi. Lakini mwalimu wa Kemia halali shuleni. Usiku utampata wapi?

Kidato cha Nne: Nameza saa kumi na mbili jioni, kabla ya prepu, masomo ya jioni. Yeye bado yuko maabara. Matroni saa hiyo yuko jikoni na wapishi.