Amlodipini imeshusha presha ya mama lakini miguu inavimba, aache dawa?

kifunguamimba:
Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana miaka 61. Aliandikiwa amlodipini miligramu 5 kwa siku, baadaye daktari akapandisha hadi 10. Presha iliyokuwa inacheza kwenye 170/100 sasa inasoma 130/80. Tatizo ni miguu. Asubuhi iko sawa, lakini jioni vifundo vimejaa, viatu havimwingii, na ukibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki. Kuna watu wamemwambia figo zinaharibiwa na dawa. Anataka kuacha, anasema presha imeshapona. Nimwambie nini?

nguzo_7:
Mpe pole mama. Mimi pia navimba hivyo hivyo, siku hizi nakunywa leo naruka kesho. Presha haijapanda. Ajaribu.

mfamasia_zamu:
Ndugu yangu nguzo, hapo nakupinga, maana ushauri huo unaweza kumletea mtu kiharusi. Amlodipini hukaa sana mwilini: nusu yake tu kutoka kwenye damu huchukua saa 30 hadi 50. Ndiyo maana ukiruka siku moja kipimo hakikuonyeshi kitu. Presha hupanda polepole, na kwa kawaida haiumi, hivyo hutajua. Anza tena kunywa kila siku kama ulivyoandikiwa, kisha kamweleze daktari hiyo miguu.

Kifunguamimba, hiyo 130/80 ni kazi ya dawa. Mama akiacha, presha itarudi ilikotoka.

Sasa miguu. Misuli ya kuta za mishipa hujikaza kalsiamu ikiingia ndani yake. Amlodipini huizuia kalsiamu hiyo, mishipa inalegea na kupanuka, presha inashuka. Lakini hupanua zaidi mishipa midogo inayopeleka damu kuliko vena zinazoirudisha. Msukumo unaongezeka kwenye vimishipa vyembamba kabisa, maji yanapenya nje na kutuama kwenye vifundo, hasa mtu akishinda amesimama au amekaa. Uvimbe wa namna hii hautokani na figo kufa, na vidonge vya kukojosha huwa haviusaidii sana. Huwapata zaidi wanawake, na zaidi kwa miligramu 10 kuliko 5.

Lakini uvimbe una sababu nyingi, kwa hiyo arudi kwa aliyemwandikia, apimwe na figo na moyo. Daktari anaweza kushusha dozi, kuongeza dawa kama losartani ambayo hupanua na vena, au kubadilisha kabisa. Asisubiri miadi ikiwa mguu mmoja tu umevimba na unauma, au anakosa pumzi, hasa akilala chali. Hapo aende hospitali siku hiyo hiyo.

mama_mapacha:
Nawe mwanangu msaidie kupima nyumbani kabla hamjaenda. Akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kifungwe kwenye ngozi, si juu ya nguo. Andika asubuhi na jioni. Daktari akiona daftari anaamua vizuri zaidi kuliko kwa kipimo kimoja cha pale kliniki.

kifunguamimba:
Asanteni sana, nimepumua. Nimekumbuka jambo: magoti humsumbua, huwa ananunua diklofenaki mwenyewe. Ina shida?

mfamasia_zamu:
Ina shida, na umefanya vizuri kuuliza. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia chumvi na maji visitoke mwilini, kwa hiyo huweza kupandisha presha na kuzidisha huo uvimbe, na zikitumika muda mrefu ndizo zinazoweza kuumiza figo. Azisimamishe, amwombe daktari njia nyingine ya kutuliza magoti. Kama anatumia simvastatini ya lehemu aseme pia, kwa sababu ikiwa pamoja na amlodipini isizidi miligramu 20 kwa siku.

Akisahau kidonge cha presha na saa 12 hazijapita tangu muda wake wa kawaida, anywe. Zikipita, asubiri cha kesho, asinywe viwili pamoja. Siku ya kwenda, abebe pakiti za dawa zote anazotumia, hata za kujinunulia, aziweke mezani kwa daktari.