Spika zinapiga mluzi nikikanyaga mafuta, besi nayo imepotea: naomba ushauri

Kona_Bar: Habari zenu wakuu. Gari ni Toyota IST. Imefungwa redio mpya ya Android, na kwenye buti kuna amplifaya ya chaneli nne, wati 60 RMS (nguvu ya kudumu) kwa kila chaneli. Sabufa hakuna. Shida ni tatu. Gari ikiwaka, spika zote zinatoa mluzi unaopanda nikikanyaga mafuta na kushuka nikiachia, hata sauti ya redio ikiwa sifuri. Besi imekuwa nyembamba kuliko ya redio ya zamani. Na spika ya mlango wa dereva inakatakata mlango ukifunguliwa au kufungwa. Fundi anasema ninunue filta. Ninunue?

Mchoma_Risasi: Usinunue chochote bado, mkuu. Filta ya bei ndogo ya RCA (zile nyaya za kupeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya) inakula besi, na wewe tayari unalia na besi. Mluzi unaofuata mwendo wa injini unatoka kwenye alteneta, mashine ya kuchaji betri. Swali ni unaingilia wapi. Kwa kuwa upo hata sauti ikiwa sifuri, unaingia baada ya kidhibiti sauti cha redio, yaani kwenye njia ya kwenda kwenye amplifaya au kwenye amplifaya yenyewe.

Zima kila kitu, chomoa RCA upande wa amplifaya, kisha washa gari. Mluzi ukibaki, tatizo ni waya wa hasi wa amplifaya, au amplifaya yenyewe. Ukikata, zima tena, toa redio, chomoa RCA nyuma yake, uziunganishe na simu kwa waya wa kichwa cha mm 3.5. Simu isiwe kwenye chaji, la sivyo utaleta kelele nyingine juu ya hiyo. Simu ikipiga safi, mbaya ni redio au waya wake wa hasi. Ikipiga na mluzi, RCA zimelazwa pamoja na waya mnene wa betri. RCA zipite upande mmoja wa gari, waya mnene upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe ya mraba.

Usichomoe RCA redio ikiwa inawaka. Baadhi ya redio zina kifyuzi kidogo sana kwenye upande wa hasi wa RCA. Kikiungua, mluzi unakuwa wa kudumu.

Bi_Fyuzi: Pima na alteneta, ni dakika mbili. Injini ikiwaka, maltimita kwenye DC juu ya nguzo za betri isome volti 13.8 hadi 14.4 hivi. Hamishia kwenye AC. Ukiona zaidi ya volti 0.5, diodi za alteneta zimechoka, na hapo utahangaika na redio bure.

Na fyuzi ya waya mnene iko wapi? Mafundi wengi wanaiweka kwenye buti karibu na amplifaya. Inatakiwa iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, maana kazi yake ni kulinda waya. Waya ukichubuka kwenye tundu la ukuta wa injini, fyuzi iliyoko buti haioni kitu, na gari linaungua.

Kona_Bar: Fyuzi iko buti kweli, naihamisha. Alteneta: DC 14.1, AC 0.04. RCA nikichomoa, kimya. Simu inapiga safi kabisa. Jambo jingine: nikipeleka balansi yote kushoto, besi inarudi. Nikiirudisha katikati, inapotea.

Mchoma_Risasi: Basi ni waya wa hasi wa redio. Umeme wa alteneta unarudi kupitia bodi, kwa hiyo hasi ya dashibodi na hasi ya buti zinatofautiana kidogo. RCA inaunganisha sehemu hizo mbili, na ile tofauti inaingia kama muziki. Toa waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye kava la chuma la redio hadi kwenye chuma cha bodi nyuma ya dashibodi. Paruza rangi hadi chuma king'ae, kaza kwa bolti. Usitegemee ule waya mwembamba wa hasi wa kiwandani peke yake. Kagua na hasi ya amplifaya: iwe fupi, nene sawa na ya chanya, na isifungwe kwenye bolti ya mkanda wa usalama.

Spika_Sita_Tisa: Hilo la balansi limejijibu. Spika moja imegeuzwa chanya na hasi. Moja inasukuma nje, nyingine inavuta ndani, besi zinauana. Chomoa nyaya za spika kwenye amplifaya, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja. Koni ikitoka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Kwa Toyota nyingi, mbele kulia ni kijani hafifu chanya na bluu hasi. Kushoto ni pinki chanya na zambarau hasi. Ila rangi ni dokezo tu, amini betri.

Mlango wa dereva: kwenye nyaya hizohizo weka mita kwenye ohm. Spika ya ohm 4 inasoma kama 3 hadi 4. Mtu afungue na kufunga mlango. Namba ikiruka, waya umekatika ndani ya ule mpira kati ya bodi na mlango. Usichomee risasi hapo kwenye mkunjo, utakatika tena jirani na kiungo. Pitisha kipande kipya cha waya wenye nyuzi nyingi, viungo vikae nje ya mpira.

Bi_Fyuzi: Halafu angalia HPF kwenye amplifaya, yaani filta inayokata besi ya chini. Ikiwa Hz 120 au zaidi, ishushe hadi Hz 60–80. Mwisho GAIN, ambayo si kitufe cha sauti, bali ya kulinganisha amplifaya na redio. Chomoa spika, ekwalaiza ya redio iwe sifuri, filta iwe FULL (isikate kitu), sauti robo tatu. Cheza toni ya Hz 60 ya 0 dB (kiwango cha juu kabisa cha rekodi), pima AC kwenye tundu za spika, pandisha GAIN hadi volti 15.5. Hiyo ni kipeuo cha pili cha wati 60 mara ohm 4. Ukirudisha spika, rudisha na HPF kabla hujawasha.