Wenye nyumba wa Arusha, bomba kutoka chooni kwenu hadi barabarani ni LENU. Lifukueni, mlikague, mlitengeneze!

Wakuu,

Nianze na jambo ambalo wenye nyumba wengi wa Kaloleni, Levolosi, Ngarenaro na kwingine kote mjini kulikofika mtandao wa majitaka wanajifanya hawalijui. Bomba kuu la barabarani ni la mamlaka ya maji na majitaka. Kipande kinachotoka chooni kwako, kikakatiza uani, kikapita chini ya geti na kwenda kuungana na hilo bomba kuu ni chako wewe mwenye nyumba. Kikiziba ni chako. Kikipasuka ni chako. Kikimwaga kinyesi uani kwa jirani, hicho kinyesi nacho ni chako, na jirani hapaswi kukuchangia hata senti moja kukizoa.

Mimi ndiye huyo jirani. Tunaishi Kaloleni, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba, na kiwanja chetu ndicho cha chini kabisa kabla ya kufika barabarani. Zamani juu yetu kulikuwa na nyumba mbili za familia. Wazee wakaunga bomba moja la pamoja, likapita uani kwetu, wakakubaliana kwa mdomo, yakaisha. Leo moja ya nyumba hizo ni gesti ya ghorofa. Nyingine imekatwakatwa vyumba vya kupangisha mpaka varanda, na kwenye kona yake kuna jiko la chipsi. Vyoo vimeongezeka, mabafu yameongezeka, mafuta ya kukaangia yanamwagwa humo humo. Bomba ni lile lile.

Watu wa juu hawataki kuelewa majitaka yanavyokwenda. Bomba likiziba, maji hayamrudii aliyeyamwaga. Yanajaa, yanapanda, yanatafuta tundu la chini kuliko yote, yanatokea hapo. Kwetu tundu hilo ni chemba ya uani, na yakizidi ni choo anachotumia mama yangu. Mgeni wa gesti anavuta maji huko ghorofani, yanashuka vizuri kabisa, na huku chini mfuniko wetu unainuka. Ndiyo maana mwenye gesti ananitazama usoni na kuniambia kwake hakuna tatizo. Ni kweli, kwake hakuna. Liko kwetu, na yeye ndiye analituma.

Kila nikimfuata jibu ni moja: "Binti yangu, hilo ni la mamlaka, wapigie simu." Tukawapigia, na mafundi wakaja. Wakafungua chemba ya barabarani, ile ambayo bomba letu la pamoja linaingia, mbele ya watu wote. Maji yalikuwa yanapita chini kabisa, hakuna kilichojaa. Wakaja kufungua ya uani: imejaa mpaka mdomoni. Hapo hapahitaji mtaalamu wa kukueleza. Kama ya barabarani ingekuwa imejaa, tatizo lingekuwa lao na ningewagombeza wao. Ya barabarani ikiwa inapitisha na ya uani imefurika, kizuizi kiko katikati, kwenye bomba la watu binafsi. Wakatuambia tutafute fundi. Walisema ukweli na sina ugomvi nao.

Sasa njooni kwenye dawa inayopendwa mtaani: kuzibua. Anaitwa kijana na fito zake na waya, anasukuma mpaka maji yapite, analipwa chake, anaondoka. Wiki kadhaa mbele tumerudi pale pale. Wakuu, kuzibua si kukagua. Waya unatoboa njia katikati ya uchafu na kuliacha tatizo lenyewe limekaa. Hakuna anayeuliza kwa nini linaziba kila mara mahali pale pale. Bomba lisilo na kasoro haliwezi kuwa na tabia ya kuziba mita ile ile, hapo kuna kitu.

Na kuna jambo lililonitoa machozi ya hasira. Safari moja waya ulikwama, mwenye gesti akamwambia yule kijana aingie chemba mwenyewe. Chemba yao ni ya kina kirefu, imefunikwa miaka. Kijana akaanza kuvua viatu. Hakuna kamba, hakuna mtu wa kumshikilia, hakuna hata glovu. Nilipiga kelele mpaka wapangaji wakatoka. Majitaka yaliyotuama yanatoa hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo unaisikia. Ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo mtu anadhani harufu imeisha kumbe ndiyo imekuwa sumu, na anaanguka. Akianguka, anayeruka kumwokoa anaanguka juu yake. Watu wanakufa hivyo duniani kote, wawili watatu ndani ya shimo moja. Halafu wewe unamtuma mtoto wa mwenzio ashuke humo ili uokoe hela ya gari la kunyonya majitaka?

Tukaamua kama familia kufukua kipande kilicho ndani ya kiwanja chetu. Tulimpata fundi mtu mzima, wa zile enzi za kupima kabla ya kushika sururu. Alifungua chemba mbili zinazofuatana. Mjukuu wake akamulika tochi kwenye chemba ya juu, yeye akashusha kioo kidogo kwenye ya chini, akakiinamisha mpaka akaona ndani ya bomba. Akaniita nichungulie. Bomba zima na lililonyooka, alisema, mwanga unauona duara kamili. Kwetu kulionekana ukingo mwembamba tu wa mwanga upande wa juu, chini kote maji yamelala. Maana yake bomba limezama katikati, limefanya tumbo, na kila kinachopita kinatuama hapo. Kioo, tochi na nusu saa. Miaka yote ya fito na waya hakuna aliyewahi kufanya hivyo.

Tulipochimba tukakuta mambo. Bomba la zamani ni la zege, vipande vifupi vifupi vilivyounganishwa kwa saruji, na saruji ya kwenye maungio imeshameguka. Mizizi ya mjakaranda imeingia kwenye kila ungio, imejisokota humo ndani mnene kama kifagio. Mizizi inafuata unyevu, ikipata ufa wa unywele inaingia na kunenepa. Ukiikata na waya bila kuziba ungio, unaipogoa tu, itachipua upya.

Kilichoniuma zaidi ni ungio la gesti. Fundi aliyewajengea hakuweka chemba wala kiungo cha wai, kile chenye umbo la herufi Y. Alilivunja bomba la zege kwa juu kwa nyundo, akachomeka bomba la plastiki la inchi 4, akazungushia mfuko wa saruji na kupiga plasta. Lile la plastiki limeingia ndani mpaka karibu nusu ya bomba la chini. Limesimama hapo katikati ya njia, na kila tambara, kila pedi, kila kipande cha nepi kinanasa kwenye mdomo wake. Tulitoa bonge nisilotaka kulielezea. Picha ninazo. Hapo ndipo mahali ambapo waya ulikuwa ukikwama miaka yote, na ni kazi iliyofanyika chini ya udongo wetu bila sisi kuambiwa.

Bado kuna suala la mvua. Masika ndiyo tunaumia zaidi na nilikuwa najiuliza kwa nini, wakati vyoo ni vile vile. Jibu liko ukutani kwa jirani: bomba la maji ya paa limeshuka moja kwa moja kwenye chemba ya choo. Pigeni hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200, mvua ya milimita 30 ambayo Arusha mwezi wa nne ni ya kawaida, hizo ni lita 6,000 kutoka paa moja. Zinaingia kwenye bomba lililopimwa kubeba maji ya choo na bafu tu. Maji ya mvua kwao ni mtaro, au tanki uyatumie. Mtu anayeyaingiza kwenye majitaka anafurisha uani kwetu leo, na kesho kwenye bomba kuu anafurisha mtaa mzima wa chini yetu.

Na mkidhani uvujaji wa chini kwa chini haumhusu mtu, fikirini mgao wa maji. Maji safi yakikatwa, shinikizo kwenye bomba linashuka. Kama bomba hilo la maji safi lina ufa na limelazwa karibu na majitaka yanayovuja, linapofyonza hewa kupitia ufa huo linafyonza na uchafu ulio pembeni. Maji yakirudi, glasi ya kwanza anakunywa mtoto wa nani? Mji huu unajua kipindupindu ni nini, 2015 kilizunguka mikoa mingi ya nchi hii.

Kipande chetu tumekitengeneza. Tumeondoa zege, tumelaza plastiki ya inchi 6 juu ya mchanga, tumejenga chemba pale gesti inapoungana ili ungio lionekane na kufikika. Mteremko umepimwa kwa kamba na kipimamaji. Fundi hakukubali tufukie kwanza. Aliziba mdomo wa chini kwa kizibo cha mpira, akajaza maji mpaka chemba ya juu, akachora alama ya chaki kwenye ukuta wa chemba, tukasubiri. Maji hayakushuka kwenye alama. Ndipo akaturuhusu kurudisha udongo. Kama fundi wako anafukia kabla ya kujaza maji, mzuie, maana akishafukia hutajua alichokufanyia mpaka masika.

Gharama yote tumebeba sisi. Mwenye gesti nilimpelekea picha na mchanganuo, akatoa elfu ishirini na kusema ni "ya kuzibua". Mwenye vyumba vya kupangisha anaishi mjini kwingine, anapokea kodi kwa simu, na kwa simu hiyo hiyo hapokei tukimpigia sisi. Kipande chao cha juu bado ni zege la zamani, bado lina mizizi, na bomba la paa bado liko pale pale. Kwa hiyo tumetengeneza chini, na juu wanaendelea kutushushia.

Wapangaji nao wananiambia, "Dada, sisi tutafanyaje, tukisema tunaambiwa tuhame." Nawaelewa. Lakini Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inahesabu majitaka yanayofurika kuwa kero kwa afya ya watu, na afisa afya ana uwezo wa kumwandikia mhusika aiondoe. Mpangaji anaweza kwenda kwa afisa afya wa kata, si lazima agombane na mwenye nyumba mlangoni. Nendeni na picha yenye tarehe.

Kwingine hili walishaacha kulichukulia kama ugomvi wa majirani. Kule Oakland, California, na miji ya jirani inayohudumiwa na EBMUD, shirika lao la maji na majitaka, huwezi kuuza nyumba, kuifanyia ukarabati unaozidi dola 100,000 wala kubadilisha ukubwa wa mita ya maji mpaka uonyeshe cheti kwamba bomba lako binafsi la majitaka limepimwa na halivuji. Ukilibadilisha lote cheti kinadumu miaka 20, ukitengeneza sehemu ni miaka 7. Walifika huko kwa sababu mvua ilikuwa inaingia kwenye mabomba mabovu ya watu, inaelemea mitambo, na majitaka yanaishia kwenye ghuba ya San Francisco. England na Wales walichukua njia nyingine: tangu tarehe 1 Oktoba 2011, mabomba ya pamoja kama hili letu yalihamishiwa kwa kampuni za majitaka, kwa sababu waliona majirani hawatakubaliana kamwe nani alipe.

Sisi hapa mtu anapandisha ghorofa juu ya bomba la babu yake na hakuna anayemuuliza majitaka yatapita wapi. Kibali cha ujenzi kinatazama nguzo na paa. Mimi nataka mtu anayegeuza nyumba kuwa gesti au kuongeza vyumba alazimike kwanza kukagua bomba lake mpaka linapoungana, maji ya paa yatolewe humo, na aliyeunga kwenye bomba la pamoja alipie kulingana na vyoo vyake. Mwenye vyoo kumi na mama mwenye choo kimoja hawawezi kugawana sawa kwa sawa, hilo sitalikubali hata nikiitwa kwenye vikao vingapi vya mtaa.

Barua kwa afisa afya wa kata nimeshaipeleka, nakala kwa mtendaji wa mtaa, pamoja na picha za lile ungio na za bomba la paa. Sasa nahitaji msaada wenu kwa mambo mawili. Kwanza, aliyewahi kuwa na bomba la pamoja, Arusha au Moshi, mkaandikishana mgawanyo wa gharama na njia ya kupita kwenye kiwanja cha mwingine: mliandikia wapi, kwa mwanasheria au serikali ya mtaa, na mwenzenu alipokaidi mlifanya nini? Pili, nani anamjua fundi mwenye kamera ya kuingiza bombani anayefanya kazi Arusha mjini? Kipande cha juu kina urefu ambao kioo hakifiki, na nataka video yake kabla ya vuli haijaanza.